Maswali na majibu: Plautus jukwaani kwa Kilatini

Wengi mmeniandikia baada ya kusema kwamba vichekesho vya Plautus, mwandishi wa tamthilia wa Roma ya kale, vinafaa kuigizwa kwa Kilatini chenyewe, hata leo. Nayajibu machache.

Nani atacheka asichokielewa?

Plautus mwenyewe aliwahi kulijaribu hilo. Katika tamthilia ya *Poenulus*, mzee Hanno wa Carthage, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, anaingia akisema Kipuniki, lugha ya kwao ambayo Warumi wengi hawakuijua. Mtumwa Milphio anajitia mkalimani na kutafsiri kombokombo, kwa kukisia sauti tu. Watazamaji hawakuhitaji kamusi ili wacheke. Au mtazame Euclio wa *Aulularia*, bahili aliyeibiwa chungu cha dhahabu. Anatoka mbio, hajui aende wapi, analia: *Perii, interii, occidi!* Kisha anawageukia watazamaji na kuwasihi wamwonyeshe mwizi. Mwigizaji mzuri akishuka hapo kati ya viti, akiwakagua watu usoni mmoja mmoja, hakuna atakayeuliza maana.

Tafsiri iandikwe juu ya jukwaa?

Kidogo tu. Maandishi yakitangulia, watu hucheka kabla mwigizaji hajafungua kinywa, na utani wake unakufa. Afadhali atoke mtu mwanzoni asimulie kisa kwa lugha ya watazamaji. Tamthilia nyingi za Plautus zina utangulizi wa namna hiyo.

Nilisoma Kilatini seminari. Matamshi ya kanisani yatafaa?

Utaeleweka, ndugu yangu, ila enzi za Plautus herufi *c* ilitamkwa *k* kila mahali. Kubwa zaidi ni urefu wa silabi. Mashairi yake hujengwa kwa silabi ndefu na fupi, na sehemu kubwa ilisemwa au kuimbwa pamoja na tibia, zumari ya mirija miwili. Kikundi kikimwacha mpiga zumari nyumbani kimeacha nusu ya mchezo. Na kukariri bila kuelewa hakufai kabisa: mwigizaji asiyejua anachosema hawezi kujua atue wapi.

Utani wa kuwachapa watumwa tuufanyeje?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Watumwa wa Plautus hutishiwa mijeledi, minyororo na kazi ya kinuni, na watu wanatakiwa wacheke. Mtumwa mjanja kama Pseudolus anawashinda wote kwa akili, lakini mchezo unakwisha akiwa bado mali ya mtu. Mimi nasema msikate. Kitisho kiigizwe kama kitisho cha kweli, na kicheko kikikatika ghafla, kiacheni kikatike. Kumbukeni kwamba Terentius, mwandishi mwenzake mkubwa aliyemfuata, anasimuliwa na Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa maisha ya watu mashuhuri, kuwa alizaliwa Carthage na kuwa mtumwa wa seneta mjini Roma.

Kuna shule zilizowahi kufanya hivi?

Zipo. Westminster School ya London ilianza desturi ya kuigiza kwa Kilatini katika karne ya 16.

Kikundi kipya kianze na ipi?

*Menaechmi*. Ni mapacha waliopotezana utotoni. Mmoja anafika mji anakoishi mwenzake, na kila mtu anawachanganya. Wavisheni vinyago vinavyofanana, kama ilivyozoeleka katika michezo ya kale, na hamtahangaika kutafuta waigizaji wawili wanaofanana sura.