Kuhusu uchambuzi wa kifeministi wa mashairi ya watoto

Habari. Nimekuelewa: una mashairi kumi na mawili, na msimamizi wa utafiti wako anasema umeishia kuhesabu mama wanaopika. Yuko sahihi. Kuhesabu ni mwanzo tu.

Chora jedwali, kila mhusika mstari wake: anatenda nini, yuko wapi, je, anasema au anasemewa, na nafsineni (sauti inayozungumza katika shairi) ni nani. Safu ya kusema ndiyo yenye hazina. Mama anaweza kusifiwa beti tano bila kutamka neno hata moja; sifa nayo hunyamazisha.

Kisha pima umbo. Chukua mfano huu nilioutunga: “Mama kaketi jikoni, baba yuko safarini.” Badilisha nafasi za mama na baba: mizani (idadi ya silabi) inabaki 8 kwa 8, vina havijaguswa. Basi si arudhi (kanuni za utunzi wa mashairi) iliyompeleka mama jikoni, ni uamuzi wa mtunzi. Pale ambapo kubadilisha kunavunja kina, punguza ukali wa hoja yako. Kibwagizo kipe uzito zaidi, maana ndicho mtoto anachokikariri.

Usiamue jinsia ya mhusika kwa “a-” (kama katika “anacheza”) peke yake. Kiambishi hicho hakitaji jinsia. Ukimwita “msichana” bila ushahidi, umeleta dhana yako mwenyewe (wengi hunaswa hapa).

Pia usidai kwamba shairi “linawaathiri watoto” kwa kusoma matini tu. Ukitaka kuwahoji watoto, zungumza kwanza na msimamizi kuhusu kibali cha utafiti na ridhaa ya wazazi.