Saa moja ya mapumziko kazini: niswali, nile au nilale?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nafanya kazi kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. Naamka saa 9 usiku kupika na kuwaandaa watoto, naingia kazini saa 1 asubuhi, natoka saa 11 jioni. Mapumziko ni saa 6 hadi saa 7 mchana. Foleni ya chakula ndefu, na nikishakula usingizi unanizidi. Ustadhi mmoja mtaani ametuambia mfanyakazi anaruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, yaani kuziswali pamoja, kila siku akirudi nyumbani, kwani dini ni nyepesi. Nimefanya hivyo miezi mingi. Mwenzangu naye ananiambia kulala mchana ni uvivu, muda ule ni wa nyuradi, yaani dhikiri na dua. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, swali lako limenitia simanzi. Mama anayekatisha usingizi wake kwa ajili ya riziki ya watoto, kisha akaogopeshwa na lepe la mchana kana kwamba ni dhambi, anastahili kujibiwa kwa upole. Huyo aliyewapa fatwa ya kukusanya kila siku nitamjibu kwa namna nyingine, maana fatwa hii imeenea na inawaharibia watu sala zao.

Hoja yake ni hadithi ya Ibn Abbas katika Sahihi Muslim: Mtume (s.a.w.) alikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, akiwa Madina, bila khofu wala mvua, na Ibn Abbas alipoulizwa sababu, akasema alitaka asiutie umma wake katika dhiki. Hadithi ni sahihi. Lakini tutazame aliyeipokea aliielewaje. Jabir bin Zayd, aliyeisikia kwa Ibn Abbas mwenyewe, aliambiwa: nadhani Mtume aliichelewesha Adhuhuri na akaiwahisha Alasiri. Akajibu kuwa naye alidhani hivyo. Yaani moja iliswaliwa mwisho wa wakati wake na nyingine mwanzo wa wakati wake, wala hakuna iliyotolewa nje. Madhehebu yetu ya Shafi hayamruhusu aliye mjini kwake kukusanya ila kwa mvua, tena kwa masharti. Wapo maimamu waliopanua zaidi, na Imam Nawawi amewataja katika sherehe yake ya Muslim, wakiwemo Ibn Sirin na Ibn al-Mundhir: mkaazi akipata haja aweza kukusanya, maadamu hajaifanya kuwa ada. Basi hata hao waliokwenda mbali wamesimama mlangoni, na ustadhi wenu ameingia ndani akatandika mkeka.

Haja ni ya daktari aliye katikati ya upasuaji, au ya mtu aliyeachiwa mtambo siku moja ambao akiuacha utaua watu. Kwenda kazini Jumatatu mpaka Jumamosi ndiyo maisha yenyewe. Masahaba nao walikuwa watu wa kazi. Bibi Aisha anasimulia katika Bukhari kwamba walijifanyia kazi wenyewe mpaka wakanuka jasho. Na ni hao hao walioteremshiwa aya ya Suratun Nisaa, 103, kuwa sala kwa Waumini ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu. Kama ajira ingekuwa udhuru wa kila siku, hizo nyakati zingebaki kwa ajili ya nani? Wepesi wa dini ni wa kweli, lakini anayeupitisha juu ya aya iliyo wazi amewabebesha watu mzigo wa Akhera.

Tena angekutazama wewe kabla ya kufutu, angeona huna dhiki ya wakati. Dar es Salaam jua hupinduka kati ya saa 6 na dakika 7 hivi, mwanzoni mwa Novemba, na saa 6 na dakika 37 hivi, katikati ya Februari. Adhuhuri inaingia ndani ya mapumziko yako mwaka mzima.

Kwa hiyo kengele ya saa 6 ikilia nenda kale kwanza. Mtume (s.a.w.) amekataza kuswali chakula kikiwa kimeshaletwa, kama ilivyo katika Muslim. Foleni peaneni zamu, mmoja awachukulie wenzake sahani. Kisha tawadha, na wakati ukiingia swali rakaa nne kwa sura fupi, popote palipo safi, hata juu ya khanga kando ya maboksi. Hazifiki dakika kumi. Muda uliobaki, lala.

Ndiyo, lala, na mwenzako usimsikilize katika hili. Suratun Nur, aya ya 58, inautaja mchana kuwa ni wakati watu wanapovua nguo zao kupumzika. Sahaba Sahl bin Saad anasema siku ya Ijumaa hawakuwa wakilala kailula, yaani usingizi wa mchana, wala kula chakula cha mchana ila baada ya sala; siku nyingine ilikuwa desturi yao. Na sahaba Abu Dardaa alipojitesa kwa ibada, sahaba mwenzake Salman alimwambia nafsi yako ina haki juu yako, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Ukilala kwa nia ya kupata nguvu ya kazi ya halali, umo katika kheri. Nyuradi zilete ukiwa kwenye daladala.

Saa 7 ikifika uwe kwenye mashine yako. Wako wanaoifanya sala kisingizio cha kuchelewa, na hiyo ni khiyana. Lakini saa hiyo nayo ni haki yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Msimamizi akiyapunguza, nendeni pamoja mkamweleze kwa adabu, au mpitie chama cha wafanyakazi.

Alasiri iswali kabla hujapanda gari. Foleni za barabarani zinaweza kukufikisha nyumbani Magharibi imeingia.

Zile Adhuhuri za miezi iliyopita usizirudie. Uliziswali, zikawa kadha, yaani sala zilizolipwa baada ya wakati wake. Omba maghufira, na kwa kuwa ulimfuata uliyemwamini kuwa ana elimu, natarajia Allah hatakushika kwa hilo. Wallahu aalam.