Ukuta sio wako dogo, hata kama rangi umenunua wewe

Juzi Jumapili usiku nimepata meseji ya dogo mmoja yuko Geita. Anasema kaka nafuatilia kazi zenu, na mimi nimeanzisha kikundi cha kupeleka michoro mitaani, nimeshapata ukuta wa mita 20 karibu na soko, naomba mbinu za kupata mdhamini. Nikacheka mwenyewe. Sio dharau, ni kwamba wiki hiyo hiyo nilikuwa napita Igogo, hapa Mwanza, kwenye boda nikamwambia dereva simama, simama kwanza, maana ule ukuta wetu siuoni. Ukuta wenyewe upo, mchoro ndio hakuna. Umepigwa rangi moja ya tangazo juu mpaka chini.

Ngoja nianze mbali kidogo. Tulikuwa watatu, wote mafundi wa kuandika mabango ya saluni na maduka ya dawa. Tukaingia mtandaoni tukakutana na habari za Philadelphia kule Marekani, walianza 1984 na vijana waliokuwa wanachafua kuta kwa sprei, msanii anaitwa Jane Golden akawapa brashi, leo michoro ya mitaani imepita 4,000. Mpaka bibi asiyeweza kupanda jukwaa anachora kipande chake kwenye kitambaa amekaa chini, halafu kinabandikwa ukutani. Tukasema Rock City hii mbona kuta tunazo! (Mawe yenyewe msiyaguse jamani, yameshajichora.)

Ukuta wa kwanza ndio huo wa Igogo. Tukachora twiga, Mmasai na machweo, si ndio vinavyonunuliwa na wazungu. Mama mmoja anayeuza dagaa pale mbele alituangalia siku mbili hajasema neno, ya tatu akauliza, "Wanangu, huyu twiga ni wa nani hapa Igogo?" Kijiwe kizima kilicheka, mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Tukafuta. Ndoo mbili za rangi zikaenda hivyo hivyo.

Awamu ya pili tukakaa kwenye meza ya huyo mama, akatuitia wavuvi, watu wa boda, hadi mwenyekiti wa mtaa. Wakataka ziwa usiku, mitumbwi ya dagaa na karabai zake. Tukachora, na juu nikaweka mwezi wa duara, mkubwa, nimeuhangaikia siku nzima kwa mkono wangu. Mzee mmoja mvuvi akasimama chini ya jukwaa akaniambia, "Mwanangu, na mbalamwezi yote hiyo hao watu wako wanatafuta nini ziwani?" Dagaa anafuata taa kwenye giza. Mwezi ukiwaka taa haina kazi, mvuvi yuko nyumbani anashona nyavu. Na mimi nimezaliwa Mwanza hii hii, dagaa nimekula tangu naota meno, hilo sikuwa nalijua. Nikapanda nikaufuta mwezi, pale pale nikachora karabai.

Ile ndio kazi bora niliyowahi kufanya, nasema bila aibu. Maharusi walikuwa wanakuja kupigia picha, abiria wa boda wanasema nishushe kwenye karabai. Mdhamini mmoja akaja na hela anataka nembo yake iwe kubwa kuliko mtumbwi, tukamkatalia, tukanywa uji wiki mbili.

Sasa kosa. Mwenye nyumba alituruhusu kwa mdomo tu, mzee wa watu, akasema choreni wanangu. Mzee akafariki, mwanae akaukodisha ukuta kwa tangazo. Nimempigia ananiuliza, "Una karatasi?" Karatasi sina. Kile kikao cha mezani kwa mama wa dagaa hakuna aliyeandika hata muhtasari, na mwenyekiti wa wakati ule sio wa sasa hivi. Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi zangu kama mtu aliyeibiwa ng'ombe.

Kwa hiyo dogo, na nyie wengine mnaonitumia meseji za mdhamini, mdhamini, acheni hizo kwanza. Kaa na watu. Ukishakaa nao, andika, mwenye nyumba asaini, mtendaji agonge muhuri, miaka mingapi, nani anaruhusiwa kufuta. Halafu rudi tena ukakae na watu, maana mara ya kwanza wanakuitikia tu kwa heshima. Vijana wa siku hizi mna haraka, mnataka picha ya droni kabla plasta haijakauka, na rangi ukiipaka kwenye plasta mbichi inatoka magamba kama sato, hiyo nimeiona Mabatini na sitaki kuiongelea.

Jana nilirudi Igogo kwa miguu. Wale wa tangazo walimwambia mama asogeze meza wapake, akawaambia hasogei, hapo ndio anapouzia, wakazunguka. Nyuma ya meza imebaki karabai moja na ncha ya mtumbwi, vimejaa magamba ya dagaa. Akanipimia visado viwili, hela akakataa.

Dogo, mdhamini tutaongea. Nitajie kwanza nani anauza nini mbele ya huo ukuta wako.