Jicho limeziba, na mimba mbili zilitoka

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 33, nauza mitumba Kiboriloni, Moshi. Mwezi wa tatu niliamka alfajiri niwahi kufungua belo, jicho la kushoto likawa linaona kama moshi wa kuni umetanda. Halikuuma hata kidogo. Duka la dawa walinipa matone, nikapoteza siku kumi. Hospitali wakasema mshipa wa retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, umeziba. Sukari sina, presha sina. Damu ilipimwa mara mbili, zikipita wiki 12 katikati, nikaambiwa kinga ya mwili wangu ndiyo inayogandisha damu. Nimeanzishwa wafarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda, lakini jicho bado halijarudi. Kwa nini niendelee na vidonge? Mama mkwe naye ananikataza mnafu. Mimba zangu mbili zilitoka, moja ya miezi minne. Natamani mtoto.
Mama Belo

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa jicho, na pole zaidi kwa hizo mimba. Umezitaja mwishoni, ila mimi ndizo nilizozisoma mara mbili, kwa kuwa huenda ni ugonjwa uleule. Kingamwili zako zinaifanya damu igande pasipotakiwa: leo kwenye retina, kesho mguuni au kwenye ubongo. Kondo la nyuma nalo huathirika, na mimba ikatoka. Kipimo kilirudiwa kwa sababu kingamwili hizo huweza kupanda kwa muda baada ya maambukizi, kisha zikapotea. Zako hazikupotea.

Wafarini haizibui jicho. Unaimeza ili bonge lingine la damu lisije likakupooza. Usiiache, tafadhali! Kapime INR, kipimo cha damu kinachoonyesha wafarini inafanya kazi kiasi gani, kila unapopangiwa. Wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Jicho lina kliniki yake, na uvimbe wa retina hutibiwa kwa sindano za ndani ya jicho. Likianza kuuma na kuwa jekundu, nenda siku hiyohiyo.

Mnafu kula, mama mkwe asiogope. Vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya wafarini, hivyo kiasi kiwe kilekile kila wiki. Kibaya ni kuuacha mwezi mzima, halafu ule bakuli zima siku moja. Vidonge vya maumivu vya dukani kama diklofenaki usiguse.

Mtoto inawezekana, ila usishike mimba kabla ya kumwambia daktari, kwani wafarini hudhuru kichanga tumboni. Hubadilishwa kwa sindano za heparini, ambazo nazo huzuia damu kuganda, pamoja na aspirini ya dozi ndogo. Kwa sasa panga uzazi, lakini si kwa vidonge vyenye homoni ya estrojeni. Nenda na mumeo, na mbebe karatasi za vipimo vyote viwili.