Maswali ya Wasomaji: Mahindi ya Njano Palipokuwa na Misindano

SWALI: Nina ekari 2 Mufindi. Tulivuna misindano, tukapanda mahindi. Udongo ni mweusi, umejaa majani yanayooza, lakini mahindi yamekuwa ya njano. Kulikoni?
Msomaji, Dodoma Mjini

JIBU: Tazama jani la chini. Kama unjano umeanzia nchani ukaingia katikati kwa umbo la V, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Nitrojeni imo shambani, ila imeshikwa. Majani ya misindano yana kaboni nyingi, mara nyingi zaidi ya sehemu 50 kwa 1 ya nitrojeni, na vijidudu vinavyoyaozesha huinyang'anya mimea ile kidogo iliyopo. Tena udongo wa chini ya misindano huwa mchachu, mara nyingi pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) 4 hadi 5, na bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti, nitrojeni ambayo mahindi huifyonza, huzorota humo. Msindano wenyewe hauoni shida: fangasi wa mizizini mwake huutafutia nitrojeni ndani ya majani yanayooza. Mahindi hayana fangasi wa aina hiyo. Chini ya pH 5.5 alumini nayo huyeyuka na kudumaza mizizi. Ng'oa mche mmoja, utaiona mifupi na minene.

Mahindi yaliyo shambani sasa yape CAN (mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu) mara moja, chokaa ya kupunguza uchachu haitawahi. Kwa msimu ujao, pima udongo kwanza. Ondoa majani ya juu, maana yakichanganyika yatapotosha kipimo, kisha chota udongo sehemu 10, kina cha sentimita 20. Changanya gramu 20 na mililita 50 za maji ya mvua, koroga, subiri nusu saa, tumbukiza kipima pH. Maji ya kisima chenye chumvi, kama vingi vya hapa Dodoma, yatakudanganya.

Ikisoma chini ya 5, mwaga tani 1 ya chokaa ya kilimo kwa ekari na uifukie miezi 2 au 3 kabla ya kupanda. Usiiweke pamoja na urea, amonia itapaa hewani. SA (mbolea ya salfeti ya amonia) iache kabisa, huzidisha uchachu. Tumia CAN, mifuko 2 ya kilo 50 kwa ekari, nusu wiki ya 3, nusu wiki ya 6. Na tafadhali usichome yale majani: nitrojeni yake huondoka na moshi.

SWALI: Naotesha miche ya misindano nyumbani Kisasa, Dodoma, niipeleke Mufindi. Niweke majivu kwenye viriba?

JIBU: Hapana. Majivu hupandisha pH, na udongo usio na uchachu hukaribisha kinyausi, ugonjwa wa kunyauka na kuanguka kwa miche. Changanya ndoo 1 ya udongo wa chini ya misindano mikubwa na ndoo 9 za udongo wako, upate wale fangasi. Mwagilia maji ya mvua uliyokinga. Ya kisima chenye chumvi yataharibu kama majivu.