Superman ya 1992 kwenye mfuko mweusi, ni dili?

Mkuu umeuliza kama komiki (kitabu cha katuni) ya Superman namba 75 ya 1992, ile ya kifo chake, ambayo haijatolewa kwenye mfuko wake mweusi, ina hela. Umri peke yake haulipi. Ile ilichapwa mamilioni na watu kibao waliziweka ndani hivyo hivyo wakisubiri bei ipande, kwa hiyo zimejaa mpaka leo. Sasa angalia Action Comics namba 1 ya 1938, ile komiki Superman alipotokea mara ya kwanza, iliuzwa senti 10, watoto wakaisoma mpaka ikachanika, Vita ya Pili ya Dunia ikaja karatasi zikakusanywa zikasagwa, zilizobaki chache mno ndo maana 2024 moja ilienda dola milioni 6, na hali yake ilipewa 8.5 kwa 10. Ukipata ya zamani kweli kagua zile pini za katikati kama zina kutu, kurasa kama zimegeuka kahawia, na kama kuna sehemu mtoto alikata kuponi, hapo bei inaporomoka vibaya. Saizi pia cheki, maana 1974 walitoa toleo kubwa la hiyo hiyo Action 1 na kuna wajanja wanavua kava ya nje wanakuuzia kama orijino. Halafu bei anayoomba muuzaji achana nayo, tafuta zilizouzwa kweli.