Maswali ya Wasomaji: Simu imeibwa Mwaloni, pesa zimepita wapi?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kando ya Ziwa Victoria, Mwanza na jirani zake, na zinazouma zaidi zinarudi kwenye kitu kimoja: laini ya simu. Tumejibu kwa urefu pale watu wanapoumia, na kwa ufupi pale jibu lenyewe ni fupi.

SWALI: Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Simu yangu iliibwa saa moja asubuhi tukiwa tunapakia gari. Ilikuwa na patani, na PIN ya pesa sijawahi kumwambia hata mume wangu. Saa mbili na nusu nilipokwenda kurudisha laini, nikakuta salio lote limeshatolewa kwa wakala. Shemeji yangu anasema ni lazima kuna mtu wa ndani ya kampuni ya simu. Ni kweli?
Mama wa dagaa, Kirumba

JIBU: Pole sana, mama. Wafanyakazi wasio waaminifu wapo, lakini kwa ulivyoeleza, mwizi hakumhitaji yeyote wa ndani.

Patani inalinda simu, hailindi laini. Mwizi anachomoa laini kwa pini, anaichomeka kwenye kitochi, na ndani ya dakika mbili namba yako iko hewani mikononi mwake. Kinachobaki ni PIN ya pesa. Tarakimu nne zinatoa namba 10,000, na akikosea mara chache huduma inajifunga, kwa hiyo habahatishi hovyo. Anaanza na mwaka wako wa kuzaliwa. Anaujuaje? Geuza simu za wenzako hapo sokoni uangalie nyuma ya kava: utakuta kitambulisho cha taifa, au kikaratasi chenye namba ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mwenye PIN ya 1979 na kitambulisho nyuma ya kava amemwachia mwizi mlango wazi. Hata patani yenyewe, kwa kazi ya samaki, ni dhaifu. Vidole vyenye mafuta vinaacha mchirizi kwenye kioo. Ukikiinamisha kwenye mwanga, njia yote inaonekana.

Hasara haiishii kwenye salio. Mwenye laini anapokea ujumbe mfupi, kwa hiyo anaweza kufungua WhatsApp yako kwenye simu nyingine kwa namba ya siri ya tarakimu sita inayotumwa kwa SMS, kisha akawaandikia wateja wako: "Nimekwama, nitumie kidogo nitarudisha jioni." Barua pepe nayo, kama umeiunganisha na namba hiyo, inabadilishwa nywila kwa njia ileile.

Kinga ya kwanza, ambayo tunaona wachache sana wanaitumia, ni PIN ya laini yenyewe. Hii si PIN ya pesa wala ya kufungulia simu. Laini yenye PIN ikihamishiwa simu nyingine, au simu ikizimwa na kuwashwa, haiingii hewani mpaka namba iandikwe. Kwenye simu za Android iko ndani ya Mipangilio, upande wa Usalama, sehemu ya kufunga SIM. Kwenye vitochi nenda kwenye mipangilio ya usalama, utafute ombi la PIN. Utaulizwa kwanza PIN ya kiwandani. Hapa ndipo watu wanapoharibu: usibahatishe. Isome kwenye kadi ya plastiki laini ilimotoka, au piga huduma kwa wateja uiulize. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai PUK, yaani namba maalumu ya kuifungua, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa, itabidi upate nyingine. Ukishaingia, weka namba yako mwenyewe, isiyo mwaka wa kuzaliwa wala 1234, halafu zima simu uiwashe uone kama kweli inaulizwa.

Kisha WhatsApp: fungua mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya tarakimu sita. Zuia pia maandishi ya SMS yasionekane kwenye kioo kilichofungwa, maana namba za siri husomeka hapo bila patani.

Na mtaji, mama, usitembee nao wote kwenye laini unayopigia simu sokoni. Iweke pesa kubwa kwenye laini nyingine inayokaa nyumbani ndani ya kitochi, uhamishe ya manunuzi ya siku tu. Ni usumbufu, tunajua, hasa siku dagaa wanaposhuka bei ghafla na unahitaji kununua mara moja. Lakini mwizi atachukua ya siku, si ya msimu.

Ikitokea tena, dakika kumi za kwanza ndizo zenye thamani. Azima simu ya mtu wa mtandao uleule, kwa sababu 100 ni namba ya huduma kwa wateja ya kila mtandao. Ukipiga kwa simu ya mtandao mwingine utampata asiyeweza kukusaidia. Omba mambo mawili na uyataje yote mawili: wafunge laini, na wafunge akaunti ya pesa. Ndipo uende polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako ya wizi, kisha dukani ukarudishe laini kwa namba ya NIDA na kidole. Laini ikirudi, sajili WhatsApp siku hiyohiyo. Ukishaandika namba ya SMS, mwizi anatolewa papo hapo. Ila kama ameshaweka PIN yake ya hatua mbili, utasubiri siku saba kabla ya kuingia. Siku hizo saba wapigie wateja kwa sauti yako. Simu mpya nayo, kabla hujaitoa dukani, bonyeza *#06#, uandike zile tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye daftari la nyumbani. Polisi watakuuliza.

SWALI: Nina mitumbwi minne Ukerewe. Vijana wangu watatu hawakuwa na namba za NIDA, nikawasajilia laini kwa kidole changu. Tajiri mwenzangu wa mwalo wa jirani ananiambia nimejitia kitanzi. Mimi naona nimewasaidia.
Tajiri wa mitumbwi, Ukerewe

JIBU: Uliwasaidia, na mwenzako yuko sahihi vilevile.

Tangu usajili wa alama za vidole, ambao tarehe yake ya mwisho ilisogezwa kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020, laini ni ya mwenye kidole. Kijana akitumia laini hiyo kutuma ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", jina litakalotokea kwenye kumbukumbu ni lako, na wewe ndiye utakayeitwa kwanza kueleza.

Upande wa kijana ni mbaya zaidi, na huu haufikiriwi. Akiba yake iko kwenye akaunti yenye jina lako. Laini ikiharibika akiwa kambini, hawezi kuirudisha bila kidole chako. Akifa maji, Mungu apishie mbali, mke wake hana hata karatasi moja ya kuonyesha kuwa pesa zile ni za marehemu.

Piga *106# ufuate maelekezo ya kuhakiki, uandike namba yako ya NIDA, uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Unayoiona na huijui, nenda duka la mtandao husika iondolewe. Hao vijana wapeleke ofisi ya NIDA ya wilaya. Namba peke yake inatosha kusajili laini, hawana haja ya kungoja kadi. Wakishaipata, nendeni dukani pamoja laini zihamie kwenye majina yao. Mwambie kila mmoja atoe au ahamishe salio kabla ya siku hiyo.

Jambo moja kwa wasomaji wote: msajili wa barabarani akikuambia "kidole hakijasoma, weka tena" mara tatu au nne, simama. Huenda kila kidole kimesajili laini nyingine kwa jina lako. Hakiki kwa *106# kabla hujaondoka pale.

SWALI: Nina stationeri Nyegezi, wateja wangu wengi ni wanafunzi. Kila flashi inayoingia inatoka na mafaili yote yamegeuka shotikati. Wananilaumu mimi. Nimefuta na kufomati, yanarudi.
Mwenye stationeri, Nyegezi

JIBU: Yanarudi kwa sababu unasafisha flashi huku kirusi kimelala kwenye kompyuta. Mafaili hayajapotea. Kirusi kimeyaficha na kuweka shotikati zenye majina yaleyale. Mwanafunzi akibofya, kirusi kinajiendesha kwanza, kisha faili linafunguka kama kawaida, naye hashtuki. Kwa hiyo usifomati flashi ya mtu mwenye tasnifu yake humo.

Anza na kompyuta. Chomoa flashi zote, sasisha Windows Security, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, uendeshe ukaguzi wa aina ya Offline, ule unaoizima kompyuta na kukagua kabla Windows haijawaka. Ukimaliza, chomeka flashi bila kubofya chochote ndani yake, uikague nayo. Kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili halisi yatajitokeza. Futa shotikati zote, na faili lolote usilolijua linaloishia na .vbs au .lnk.

Lakini tuseme wazi chanzo. Stationeri nyingi zinaendesha Windows isiyolipiwa, iliyofunguliwa kwa kraki, na kraki ni mlango maarufu wa virusi. Microsoft pia ilisimamisha masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta ya zamani iliyobaki hapo inazidi kuwa wazi kila mwezi. Kama kazi yako ni kuchapa na kupokea barua pepe tu, Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, ni ya bure, inaendesha printa nyingi, na virusi hivi vya shotikati haviwezi kujiendesha humo.

Tunakuomba jambo jingine ambalo hukuuliza. Fungua folda ya Downloads uone vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na namba za NIDA za watu walioondoka zamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikuachi nje kwa kuwa duka ni dogo. Futa kila jioni, na ndoo ya taka ya kompyuta uimwage pia. Wateja wa WhatsApp Web wakumbushe kuangalia "vifaa vilivyounganishwa" kwenye simu zao na kujiondoa kabla ya kulipa.

SWALI: Walimu wawili tumebishana wiki nzima. Mwenzangu anasema mwenye VPN hawezi kutapeliwa wala kuonekana. Mimi nasema VPN ni kosa la jinai. Tuamulieni.
Mwalimu, Sengerema

JIBU: Hakuna aliyeshinda.

VPN inafunga mawasiliano yako ndani ya njia yake mpaka kwenye kompyuta ya kampuni ya VPN. Mtandao wako wa simu unaona kuwa umeunganishwa na wapi, na kiasi cha data, basi. Vyote ulivyomficha, sasa anaviona mwenye VPN. Ndiyo maana VPN ya bure isiyojulikana mmiliki wake inatutia wasiwasi kuliko kutokuwa nayo. Tovuti zenye https tayari zinaficha yaliyomo, nywila zikiwemo, hata bila VPN. Na tapeli anayekupigia akajiita huduma kwa wateja hazuiwi na VPN yoyote, kwa kuwa namba ya siri unamtajia wewe kwa mdomo wako.

Kuhusu sheria, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kujisajili na kutoa taarifa zake hadi tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa hiyo kilichotakiwa ni usajili. Benki na mashirika yanaitumia kila siku kuunganisha matawi. Wengi waliikimbilia tena Mei 2025, mtandao wa kijamii wa X (zamani Twitter) ulipozuiwa nchini. Sisi tunaamini mtu kutaka faragha si dalili ya uhalifu, na tungependa kanuni ziseme hivyo kwa maneno yasiyoyumba. Mpaka hapo, mwalimu anayeihitaji kwa kazi ajisajili, na achague inayolipiwa yenye kampuni inayojulikana.

SWALI: Nyaya zilikatika baharini, sisi tuko ziwani. Mbona intaneti ya Mwanza nayo ilikufa?
Msomaji, Igoma

JIBU: Kwa sababu intaneti yenu nyingi inasafiri kwa mkongo wa nchi kavu hadi Dar es Salaam, na pale inaingia baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, ziliharibika kwa pamoja upande wa kusini mwa Afrika, na kilichobaki hakikutosha wote. Huenda uliona siku ile kuwa kupiga simu kuliendelea. Menyu za pesa za nyota na reli pia hazipiti kwenye intaneti. Zinapita kwenye mitambo ya mtandao wa simu wenyewe. Wewe unayetumia programu ya pesa peke yake, jifunze na menyu ya *150 ya mtandao wako, uiandike na kwenye daftari la dukani.